Kamera ya Matanga

Jumanne, 14 Januari 2025

Klabu ya drama imegawa nafasi leo. Gentrix wa kidato cha nne amepewa Nanjala, mkata miwa ambaye mchezo wote unamzunguka yeye. Sammy amepewa meneja wa kiwanda kwa sababu ana tumbo. Mimi, Navalayo, nimepewa pazia.

Si kulivuta. Ni kusimama kando yake na skripti mkononi, nimnong'oneze kila atakayesahau maneno. Mwalimu Joash alisema mbele ya wote, "Navalayo ana Kiswahili safi na Kiingereza safi, na hapendi kuonekana. Nani mwingine atafaa?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kichwa chini, kama kawaida yangu, na moyoni nikawatukana mmoja mmoja kwa majina.

Ni daftari hili tu linalojua kwamba mimi si mpole. Watu wakiona mtu hasemi wanadhani ana adabu. Sina. Nina woga tu.

Alhamisi, 16 Januari

Joto. Vumbi mpaka kwenye chai.

Jumatatu, 20 Januari

Mchezo unaitwa Kiwanda Kimenyamaza. Mwalimu ameutunga mwenyewe: nyimbo kumi na moja, densi sita, kiwanda cha sukari kimefungwa na wakata miwa hawajui waelekee wapi. Hadithi si mbaya, nakiri. Kinachonichosha ni namna anavyotufundisha. Ana laputopu ambayo anatuonyeshea michezo ya nyimbo ya ng'ambo, ile iliyorekodiwa kwenye majumba makubwa yenye viti vyekundu. Anacheza kipande, anasimamisha, anauliza, "Mmeona bega?" Sote tunainua bega. Wazungu wanaruka kwenye jukwaa linalozunguka lenyewe, sisi tunaruka kwenye meza nne za maktaba zilizofungwa kwa kamba.

Leo, katikati ya densi, wachezaji wa kwenye laputopu walikwama mikono juu kama sekunde tatu, kisha wakaendelea. Mwalimu Joash alipiga makofi. "Hiyo ndiyo sanaa! Kunyamaza katikati ya mwendo! Densi ya pili, sote tutakwama hapo."

Wakakwama, watu ishirini na wawili, mikono juu, kama wamekamatwa na askari. Mimi nilikuwa nimeona kile kiduara kikizunguka katikati ya kioo. Bando ya intaneti ilikuwa imeyumba. Sikusema. Niliandika kwenye skripti: wanakwama, sekunde tatu.

Jumatano, 29 Januari

Kuhusu Gentrix. Anatoka Malava. Baba yake, Mzee Protus, ana ekari mbili za miwa. Huja shuleni na matope ya kwao kwenye viatu. Mara nyingi L yake hutoka R: anasema "pore pore" na "kura chakura", na wimbo mkubwa wa mchezo, ule ambao Nanjala anadai panga lake lirudishwe, anauimba hivi:

Nirudishie panga rangu,
shamba bado rimesimama.

Mwalimu anamsahihisha, naye anaitikia "ndiyo, mwarimu", tunarudi palepale.

Sauti anayo. Siwezi kuandika uongo hapa. Lakini zile sura! Anafunga macho, anabana kifua kama mwenye vidonda vya tumbo, kidevu kinatetemeka. Mimi humwigiza nikiwa pale kando ya pazia. Nafungua mdomo naye, nafunga naye, nafumba macho, natetemesha kidevu. Nimejua kila pumzi yake. Hakuna anayeniona. Ndiyo burudani pekee ninayopata katika klabu hii.

Ijumaa, 14 Februari

Tumetolewa kwenye mashindano ya drama, ngazi ya kaunti ndogo. Nambari tano kati ya sita. Majaji wameandika: "Wachezaji walisahau hatua katika densi ya pili." Mwalimu Joash amesema majaji hawa hawajawahi kuona mchezo wa kimataifa. Nililala kwenye kiti cha basi nikajifunika sweta usoni ili nicheke.

Jumanne, 18 Februari

Mchezo utachezwa mara moja tu, siku ya wazazi, Machi 8. Simu hazitaruhusiwa ukumbini. Mwalimu anasema mwaka juzi shule fulani iliona densi zetu mtandaoni ikaziiba zote na kufika nazo mbali. (Kama ni kweli, ilikuwa kabla ya sisi kuanza kukwama.) Atamwita mtu mmoja tu wa kamera.

Jumatatu, 24 Februari

Gentrix alinifuata maktaba. "Navaro, wewe unajuanga Kizungu. Nisomee hii barua, lakini pore pore."

Ni karatasi aliyopewa na Mwalimu Joash. Kuna mpango wa muziki Nairobi unaochukua vijana kumi kila mwaka wakimaliza kidato cha nne, miaka miwili, kusoma na malazi bure. Wanataka video moja: mtu akiimba jukwaani, mbele ya watu halisi, bila kukatwakatwa. Mwisho wa kupokea ni Machi 31.

Nikamsomea. Akasema, "Rudia hapo pa malazi." Nikarudia. Kisha akasema, "Baba amesema nikimaliza shule nishike jembe na nisisumbue watu. Anasema kuimba ni kwa kanisa na kwa matanga."

"Kwa hivyo ni hiyo siku ya wazazi tu," nikasema.

"Ni hiyo tu. Sina nyingine."

Nilimjazia fomu kwa Kiingereza. Nilipofika mahali pa kueleza kwa nini anapenda muziki, aliniambia niandike, "Nikiimba, siogopi mtu." Nikaandika hivyo, nikamchukia kidogo kwa kuweza kusema.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya kwanza, na mawe. Mabati ya ukumbi yalipiga kelele hata Sammy hakusikika, na Sammy anasikika mpaka sokoni. Mwalimu anaomba isinyeshe Jumamosi ijayo. Ninaomba inyeshe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua saa tisa kamili, kama ina saa.

Jumamosi, 8 Machi

Haikunyesha. Mawingu yalikaa juu ya Kakamega nzima yakingojea.

Mtu wa kamera ni Phanuel, yule wa matanga. Kuanzia Amalemba mpaka Malava, ukizikwa bila Phanuel ni kama hukuzikwa. Alikuja na suti ya kahawia, kofia, na kamera begani. Mwalimu Joash akamwelekeza, "Simama hapa katikati, usitoke, jukwaa lote liingie."

Phanuel akamtazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe fundisha. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na tisa."

Jambo moja alilifanya vizuri: alichomeka waya wa kamera moja kwa moja kwenye spika, sauti ikaingia safi.

Kisha akaanza kutembea. Alipiga wageni meza kuu. Alipiga kofia ya mkuu wa shule. Alitoka nje kupiga magari ya wageni, akapiga akina mama wakipakua wali, akarudi kupiga waliochelewa wakitafuta viti. Mimi niliyaona haya yote kutoka kando ya pazia, nikafurahi mno, kwa sababu sikuelewa maana yake.

Gentrix aliimba wimbo wa panga karibu na mwisho. Mzee Protus alikuwa safu ya tatu na koti la mvua, hakuvua hata kofia, lakini hakutikisika. Mimi nilikuwa mahali pangu, namwigiza. Leo nilimwigiza kuliko siku zote: macho, kifua, kidevu, kila kitu. Nilimwona Phanuel akinijia na kamera. Nikadhani anatafuta soketi.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Phanuel ameiweka video kwenye chaneli yake ya Yutubu, katikati ya mazishi mawili. Saa moja na dakika arobaini. Mwalimu Joash alituonyesha kwenye maabara. Wageni wako wote. Wali uko. Kofia ya mkuu ina dakika nne. Gentrix anapita kwa mbali mara tatu, mara moja akiwa amekatwa kichwa. Mchezo wa miezi miwili, na hakuna aliyeupiga picha.

Kisha wimbo wa panga ukaanza, sauti safi ya Gentrix kutoka kwenye spika, na kioo kizima kikajaa uso wangu.

Dakika tatu na nusu. Mimi, karibu kabisa, nusu kivulini, mdomo wangu ukienda na kila neno, macho yamefumbwa, kidevu kinatetemeka. Haukosei hata pumzi moja. Nikitazama, hata mimi ningeapa kwamba ninaimba.

Sammy akasema, "Kumbe Navalayo ana feelings!" wakacheka. Gentrix hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu. Yeye anajijua anavyofanya uso akiimba.

Mwalimu alimpigia Phanuel simu, akamweka kwenye spika. "Phanuel, mwenye kuimba yuko wapi?"

"Si anasikika?"

"Simwoni!"

"Mwalimu, jukwaani watu ni walewale, wanazunguka tu. Mgeni ndiye hutaka kujiona. Kwa video zangu hakuna mgeni anayelalamika kwamba hayumo. Na wimbo ukiingia, sisi tunatafutanga sura yenye uchungu. Pale ukumbini nzuri ilikuwa ya huyo msichana wa pazia. Usiku wa kuamkia mazishi, sura kama ile ni dhahabu."

Nilikuwa namkejeli. Yeye akaona uchungu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu ametuma kipande hicho Nairobi. Amesema hakuna kingine chenye watu na wimbo wote, na sauti ni sauti. Juu yake ameandika jina la Gentrix. Mtu mwenye digrii.

Jumapili, 16 Machi

Kuna aliyekikata kipande kile akakipeleka Tiktok: "Msichana aliyefichwa nyuma ya pazia." Watu elfu arobaini na moja. Wanaandika: Kwa nini wamemficha huyu mtoto? Wanaandika: Huyu ni wetu, Kakamega tuko na vipaji. Mmoja wa Qatar anasema amelia kazini.

Mama amekituma kwa kila kundi la Wasapu alilomo. Alinishika mashavu jikoni. "Sijawahi kukusikia ukiimba hata bafuni. Kumbe ulikuwa unaficha kitu kama hiki!"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Ni kawaida tu, Mama."

Hiyo ndiyo sentensi niliyosema. Naiandika kama ilivyo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama mboga wa kona amenipa parachichi, akakataa pesa. Nikalipokea.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa niandike ukweli wote: napenda. Napenda wanavyonipisha koridoni. Napenda wale waliokuwa wakiniita Kivuli wakiniita Navalayo. Mwalimu wa kwaya ya kanisani amenisihi niimbe Pasaka, nikamwambia koo linauma, nikakohoa ili aamini. Usiku na mchana namdharau Mwalimu Joash kwa kuiga kiduara cha bando, na mimi sasa naishi kwa sauti ambayo haijawahi kutoka kooni mwangu.

Gentrix hajanisemesha tangu siku ya maabara.

Jumatatu, 24 Machi

Gentrix amejirekodi kwa simu ya binamu yake, jikoni kwao Malava, masufuria nyuma yake na kuku akipita, na video ameiweka Tiktok. Ameuimba wimbo wote na kusema mwishoni, "Mimi ndiye mwenyewe. Naitwa Gentrix."

Nimesoma wanachomwandikia. "Wacha kuiba sauti ya mtoto wa watu." "Anachezesha mdomo tu, hii ni audio ya yule wa pazia." "Sura ya mwizi." Zaidi ya elfu moja. Kadiri anavyoimba vizuri ndivyo wanavyosema ameiba, kwa sababu sauti ni ileile.

Nimezima simu. Nimeiwasha tena. Hakuna aliyebadilisha mawazo.

Jumatano, 26 Machi

Barua kutoka Nairobi. Uso wa kwenye video si uso wa picha ya fomu. Wanasema mtu anayetumia sauti ya mwenzake hawezi kuendelea, na kwamba ombi la Gentrix limewekwa kando. Shule ikiwa na maelezo, iyatume kabla ya Jumatatu kwisha. Na wangependa kujua jina la yule msichana wa pazia.

Mwalimu Joash alinisomea hiyo sentensi ya mwisho mara mbili, akitabasamu kidogo, kama anayenipa nafasi ya kuchukua kitu juu ya meza. Ndipo nilipoona kwamba hata yeye hana uhakika. Alimfundisha Gentrix wimbo ule kwa miezi miwili, ameuona mdomo wangu kwenye kioo kwa dakika tatu na nusu, na anaamini kioo.

"Mwalimu, mimi siimbi."

"Usiwe mnyenyekevu kupita kiasi, Navalayo."

Alhamisi, 27 Machi

Gentrix alinisubiri nyuma ya tangi la maji. Mvua ilikuwa karibu.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Ulikuwa unanicheka?"

Nikatazama bomba la tangi.

"Sema tu. Wewe mtu wa Kizungu kingi. Ulikuwa unanicheka?"

"Ndiyo."

"Toka lini?"

"Toka Januari."

Nilidhani atanipiga. Alikaa juu ya jiwe, akaanza kukwangua matope ya kiatu kwa kijiti. "Mimi nilidhani umeshika wimbo kwa sababu unaupenda," akasema. "Nilikuwanga naangalia upande wako nikisahau mstari. Unafungua mdomo, mimi nakumbuka. Sikujua ni matusi." Kisha akasema, "Baba ameona hizo comment. Ameniuliza kama ni kweli niliiba. Baba yangu, Navaro. Alikuwa pale, akanisikia na masikio yake, na ananiuliza."

Nikasema nitaandika hapo chini ya video kwamba si mimi.

"Andika. Watasema una roho nzuri." Alisimama. "Wewe hata ukisema ukweli watakupigia makofi."

Mvua ikaanza, akaondoka bila kukimbia.

Ijumaa, 28 Machi

Niliandika. Asubuhi tu watu mia tisa walikuwa wamenipenda. "Mnyenyekevu pia!" "Malezi haya!" Gentrix alijua.

Saa nne nikamwomba Mwalimu Joash simu, nikampigia Phanuel. Sauti yangu ilikatika mara mbili kabla sijasema jina.

"Nataka unipige video," nikamwambia. "Palepale kando ya pazia. Waya uwe kwenye spika kama siku ile. Usitembee."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Mimi naimba."

Akaja saa saba, kabla ya mvua. Mwalimu alifungua ukumbi. Niliomba Gentrix asiwepo, akawepo, mlangoni, mikono kifuani. Phanuel akaweka kamera kwenye miguu mitatu, akasema kwa upole, "Mtoto, ukijisikia kulia, lia tu. Usijizuie."

Nikashika maikrofoni. Sijawahi kuishika. Ina joto la mkono wa mtu mwingine. Nikasema, "Naitwa Navalayo. Hii ndiyo sauti yangu." Nikafungua mdomo.

Wimbo ule nilikuwa nimeufungulia mdomo mara mia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango wa choo cha shule. "Nirudishie" ilianzia juu mno, "panga" ikavunjika, "langu" haikutokea kabisa, ni pumzi tu, na spika ikaipeleka ukumbi mzima. Sammy alikuwa dirishani na nusu ya kidato cha pili. Walipiga kelele za kucheka mpaka wakashikana. Niliendelea. Ubeti wa pili nilisahau maneno. Mimi, mwenye kazi ya kukumbusha. Nikasimama pale mdomo wazi.

Kutoka mlangoni Gentrix akanong'ona, "Jua rimetukuta njiani."

Nikaimba. Vibaya zaidi, kama hilo linawezekana. Nilimaliza beti zote tatu. Phanuel hakusogeza kamera hata inchi moja, na nilipomaliza alivua kofia.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu ametuma Nairobi video yangu pamoja na ile ya Gentrix ya jikoni. Jibu limekuja alasiri, fupi: wameelewa, ombi la Gentrix limerudishwa, aende akaimbe mbele yao mwezi wa nane. Chini wameandika kwamba msichana wa pazia hahitaji kuandamana naye. Mwalimu Joash alicheka mpaka machozi. Mimi pia, kidogo.

Gentrix aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye soksi. Akaniambia, "Unaimba vibaya sana."

"Najua."

"Na bado sijakusamehe."

"Najua."

"Njoo Jumamosi kwetu. Hiyo barua, Baba nitamsomea nini na mimi siijui yote? Utamsomea wewe. Useme na ile sehemu ya kuiba, kwamba si kweri. Yeye anaaminianga mtu wa Kizungu."

Ijumaa, 4 Aprili

Shule imefungwa. Video yangu ina watu elfu sitini, zaidi ya ile ya kwanza. Kwa kuwa iko kwenye chaneli ya Phanuel, chini ya mazishi ya mzee mmoja, kuna walioandika "poleni kwa familia." Mama mboga amenitazama, kisha akanilipisha.

Mama nilikuwa sijamwonyesha. Alikuwa ameshaiona. Leo jioni aliketi mezani na simu, akavaa miwani, akaanza kuituma kwa kundi moja baada ya jingine, yote yale aliyokuwa ametuma ile ya kwanza. Nikamwambia, "Mama, si lazima." Hakuinua macho. Chini ya kila moja aliandika kwa kidole kimoja, neno kwa neno: Huyu ndiye Navalayo wangu. Ile sauti ya kwanza ni ya Gentrix, binti wa Protus, Malava.

Shangazi Pascalia wa Lugari ndiye wa kwanza kujibu, kwa ujumbe wa sauti. Dakika nzima ni kicheko, mpaka akapaliwa. Kisha anavuta pumzi na kuuliza, "Sasa huyo Gentrix mwenyewe, mbona hatujawahi kumwona?"